Mfuko wa Kulalia Uliolowa Usitupwe

(Hotuba kwa wapagazi, viongozi wa safari, na wenye kukodisha vyombo vya mlimani)



Nimeombwa niseme nanyi habari za mifuko ya kulalia. Wako kati yenu wanaoupanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, ya Sirimon au ya Chogoria, wakichukua mizigo ya wageni. Wako wanaokodisha vyombo mjini. Na wako walionunua mfuko mzuri katika mitumba ya Gikomba kwa fedha chache, wasijue wamenunua nini. Nyote mmepata kuona jambo hili: mfuko uliokuwa umefura kama mkate ulioumuka, ukishalowa husinyaa ukawa kama gunia tupu lenye mabonge ndani. Mwenyewe husema umeharibika, akautupa, au akauacha pembeni mpaka ukaoza kweli kweli. Mara nyingi mfuko ule haukuwa umeharibika. Ulikuwa umelowa tu.

Kwanza yatupasa kujua kilichomo ndani. Mifuko ya bei kubwa hutiwa malaika ya bata au ya bata bukini. Sisemi malaika wa mbinguni. Nasema yale manyoya madogo laini, yasiyo na uti mgumu, yaliyo kifuani mwa ndege chini ya manyoya yake ya nje. Laika moja ukilitazama kwa karibu utaona nyuzi nyembamba mno zikitoka katikati na kuenea pande zote. Nyuzi hizo huishika hewa isitembee, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Mwaka 1922 Mwaustralia mmoja, George Finch, alikwenda kuupanda mlima Everest na koti la malaika lililoshonwa kwa kitambaa cha baluni. Wenzake walimcheka kwanza. Baridi ilipozidi, walimwonea wivu.

Basi adui wa malaika ni maji. Laika likilowa, nyuzi zake hugandamana, hewa hutoka, na mahali pake huingia maji, ambayo huchukua joto upesi kuliko hewa. Kwenye kambi ya Shipton, iliyo kadiri ya mita 4,200 juu ya bahari, maji huweza kuganda usiku. Mtu aliyelala hapo ndani ya mfuko uliolowa hutetemeka. Baadaye huacha kutetemeka, maneno yake huwa kama ya mlevi, na hapo yu karibu na mauti. Tena tuseme kweli: mfuko mbovu kuliko yote katika safari mara nyingi ndio anaopewa mpagazi.

Si mvua peke yake iletayo maji. Pumzi na jasho la mtu huingia ndani ya mfuko usiku kucha, na baada ya siku tatu au nne mfuko ambao haukuguswa na tone la mvua huwa mzito, umepungua kimo. Kwa hiyo vaeni kofia, mlale pua na mdomo vikiwa nje ya mfuko. Wala msiingie na nguo zilizolowa kwa nia ya kuzikausha kwa joto la mwili, maana maji ya nguo yatahamia katika malaika. Asubuhi jua litokapo, kabla ya kufungasha, ugeuzeni mfuko, ndani uwe nje, muutandaze juu ya jiwe kavu, hata kama ni kwa nusu saa tu. Njiani utiwe katika mfuko imara usiopitisha maji. Ile mifuko myepesi ya plastiki ya dukani ilikatazwa Kenya mwaka 2017, na tangu mwaka 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga za taifa.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Mtu asiingize jiko la makaa ndani ya hema, wala chumbani palipofungwa, ili akaushe mfuko. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunuka, na waliolala hawaamki. Kadhalika ukiuweka mfuko karibu na moto, nailoni huyeyuka kwa cheche moja.

Sasa tumerudi nyumbani, na mfuko umelowa, au unanuka uvundo. Kama ni unyevu tu, hauna uchafu, haifai kuufua, kuukausha kwatosha. Kama ni mchafu, kwanza tazameni mishono na mshone palipochanika, maana malaika hutoka katika tundu dogo kabisa. Kisha fungeni zipu, mtie mfuko katika beseni kubwa la maji ya vuguvugu yenye sabuni ya malaika, ambayo huuzwa katika maduka ya vyombo vya safari. Ikikosekana, tumieni sabuni laini, kidogo sana. Sabuni kali ya unga huondoa mafuta ya asili yaliyo katika malaika, nayo yakawa makavu na kukatikakatika. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na dawa ya kulainisha nguo zisitumiwe hata kidogo. Ubonyezeni mfuko kwa viganja, taratibu, kama mtu akandaye unga kwa mtoto; msiupige wala kuusugua. Suuzeni tena na tena mpaka povu liishe. Watu huchoka hapa, wakaacha sabuni ndani, na mfuko haufuri tena vizuri.

Mfuko uliojaa maji ni mzito ajabu. Ukiunyanyua kwa ncha moja, malaika yote na maji yake huanguka upande mmoja na kuvichana vile vitambaa vya ndani vinavyotenga vyumba vyake. Mwageni maji kwanza, mbonyeze yaliyobaki bila kupotosha, kisha uchukuliwe kwa mikono miwili kutoka chini, kama mtoto aliyelala.

Sasa ndipo panapotakiwa uvumilivu. Mwenye kufikia mashine kubwa ya kukaushia, kama zilizo kwa madobi wa mijini, na aiweke kwenye joto dogo kabisa, atie ndani mipira miwili au mitatu safi ya tenisi, ambayo huyapiga mabonge yakaachana. Huchukua saa nyingi, na gharama yake si haba. Asiye na mashine autandaze mfuko juu ya kitanda cha kamba kivulini, penye upepo, kwa kuwa jua kali la siku nyingi hudhoofisha nailoni. Kila saa augeuze, atafute mabonge kwa vidole na kuyaachanisha polepole. Jioni auingize ndani kabla ya umande, kesho autoe tena. Siku ya kwanza hutaona badiliko. Mfuko utakuwa kama kitambara. Siku ya pili au ya tatu utaanza kuinuka. Msidanganywe na kitambaa cha juu, maana hicho hukauka mapema, na katikati ya bonge maji yangalipo. Hata mkiona umekauka, uacheni siku moja zaidi. Kwa sababu hiyo watu wa Nairobi na Kiambu wasifue mifuko mwezi wa Julai, wakati wa mawingu. Januari na Februari ni miezi mizuri zaidi.

Uko mfuko usioponyeka. Ukiwa umekunjwa na maji kwa majuma mengi, malaika yakavunjika kuwa vumbi, au harufu ya kuoza ikabaki hata baada ya kufuliwa, huo hauna dawa. Wenye kukodisha wasimpe mtu mfuko kama huo kwa bei yoyote.

Anayekodi naye aupime kabla ya kulipa. Autandaze sakafuni, aukung'ute, angoje kidogo, kisha aubonyeze kwa kiganja na kuuachilia. Mzima huinuka wenyewe. Halafu auinue mbele ya dirisha: palipo na mwanga mtupu hapana malaika, na palipo na doa jeusi pana bonge. Nyumbani mfuko usikae katika kile kifuko kidogo cha safari, ila utundikwe, au uwekwe ndani ya mfuko mpana wa pamba, mahali pakavu mbali na panya.