Apollinaire na Shairi Lisilo na Nukta

Leo tunamzungumzia Guillaume Apollinaire, mshairi wa Kifaransa aliyezaliwa Roma mwaka 1880, na mama mwenye asili ya Polandi.

Mwaka 1913 alitoa diwani iitwayo Alcools. Kitabu kikiwa kimeshapangwa chapa, alifuta nukta na mikato yote. Aliamini kwamba mapigo ya mstari, na pale unapokatika, vinatosha kumwongoza msomaji.

Shairi la kwanza katika diwani hiyo ni Zone. Mtu anatembea Paris kutwa kucha. Anapita mtaa wa viwanda, anasoma mabango ukutani, anawatazama wahamiaji waliojaa kituo cha treni. Mara anajiita “mimi”, mara “wewe”, na miji aliyowahi kufika inamjia bila mpangilio.

Sasa mfikirie mtafsiri. Hana nukta ya kumwonyesha wazo limeishia wapi. Lazima asikilize pumzi ya mshairi. Vina navyo vimelegea: akivikaza, mwendo wa yule mtembezi unapotea; akivitupa, shairi linageuka taarifa.

Kazi hiyo aliifanya Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki ambaye baadaye tamthilia yake iliipa dunia neno roboti. Tafsiri yake ya Zone ilitoka mwaka 1919. Apollinaire alikuwa ameshafariki kwa homa kali ya mafua tarehe 9 Novemba 1918, siku mbili kabla bunduki za Vita vya Kwanza vya Dunia hazijanyamaza. Čapek alitumia sauti zinazokaribiana badala ya vina kamili, na mistari ikapata nafasi ya kutembea. Washairi vijana wa Praha, kama Vítězslav Nezval na Jaroslav Seifert, walijifunza humo namna mpya ya kuandika kuhusu jiji. Mwaka 1984 Seifert alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi.

Hicho ndicho kipimo cha tafsiri nzuri: kuwafungulia washairi wa lugha inayopokea njia ambayo hawakuwa nayo. Kwa hiyo, msikilizaji, ukishika shairi la kigeni lililotafsiriwa, lisome kwa sauti, kisha utafute jina la mtafsiri. Maneno uliyoyatamka ni yeye aliyeyachagua, moja baada ya jingine, na anastahili kutajwa pamoja na mshairi.