Baada ya Kisu: Nafasi ya Mwangalizi wa Nyumbani katika Kupona kwa Mbwa Aliyepasuliwa Uti wa Mgongo

Utangulizi

Daktari anapotoka kwenye chumba cha upasuaji na kusema kazi imekwenda vizuri, mwenye mbwa husikia kwamba mbwa wake amepona. Hayo ni mambo mawili, na mada hii inahusu muda uliopo katikati yake: zile wiki nne hadi sita ambazo mbwa yuko nyumbani, miguu ya nyuma haina nguvu, na anategemea mikono ya mtu ambaye pengine hakuwepo daktari alipokuwa akitoa maelekezo. Hoja yangu ni moja. Kwa mbwa aliyepasuliwa uti wa mgongo, uuguzi wa nyumbani ni sehemu ya tiba yenyewe. Kwa hiyo upangwe, ufundishwe na uingizwe kwenye gharama kabla mwenye mbwa hajatia saini ya kukubali upasuaji. Kliniki inayopasua kwa ustadi kisha ikamkabidhi mbwa kwa mtu asiyejua kumkamua mkojo imefanya nusu ya kazi.

Mfano nitakaoutumia ni ugonjwa wa diski, yaani zile gegedu zinazokaa kati ya pingili za uti wa mgongo. Mwaka 1952 Hans-Jörgen Hansen wa Uswidi alizigawa hitilafu za diski katika aina mbili. Katika aina ya kwanza diski hukauka mapema, ikawa ngumu kama chokaa, kisha siku moja hupasuka na kumwaga kilichomo kwenye njia ya neva. Katika aina ya pili hutuna polepole kwa miezi au miaka, na huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye umri, wakiwemo German Shepherd ambao mijini kwetu hufugwa kwa ulinzi. Aina ya kwanza ndiyo inayopooza mbwa ghafla, na waathirika wake wakuu ni mbwa wa miguu mifupi, Dachshund akiwa mbele ya wote. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba nakala ya ziada ya jeni moja katika kromosomu ya 12 inahusika na ufupi wa miguu na pia na kuharibika mapema kwa diski. Mbwa wa namna hiyo amezaliwa na mgongo wenye hatari. Mwenye mbwa hana sababu ya kujilaumu kwa mruko mmoja wa kutoka kwenye kochi, lakini anayo kila sababu ya kujifunza kinachofuata.

Kisu kinaweza nini

Daktari hufungua dirisha dogo ubavuni mwa pingili, akatoa mabaki ya diski yanayoikandamiza neva kuu ya mgongo, akafunga. Hapo mgandamizo umeondoka. Nyuzi za neva zilizopondeka hubaki vilevile zilivyokuwa dakika moja kabla, na kupona kwake kuna ratiba yake. Jambo linalotabiri matokeo kuliko mengine ni kipimo kinachofanywa kabla ya upasuaji: kidole cha mguu wa nyuma kinabanwa kwa nguvu kwa koleo, na daktari anamtazama mbwa usoni. Akigeuka, akilia au akitaka kung'ata, maana yake taarifa ya maumivu imefika kwenye ubongo. Kuvuta mguu peke yake hakuhesabiki, kwa sababu hilo neva za mgongo huweza kulifanya bila ubongo kujua. Mbwa ambao bado wanahisi, takriban tisa kati ya kumi hutembea tena baada ya kupasuliwa. Wasiohisi, ni kama nusu tu.

Kwa miaka mingi tumaini la kuiharakisha neva liliwekwa kwenye sindano za steroidi. Jaribio la kulinganisha makundi kwa bahati nasibu lililochapishwa mwaka 2016, likihusu mbwa waliopoteza hisia kabisa, halikuona faida yake. Na steroidi zikichanganywa na dawa nyingine za kupunguza uvimbe na maumivu, hatari ya vidonda vya tumbo hupanda. Basi kama kisu kimekwisha fanya kazi yake na hakuna dawa ya kuikimbiza neva, kinachobaki mikononi mwetu ni kumlinda mbwa asidhurike wakati neva inajitengeneza. Madhara hayo hayaanzii kwenye mgongo. Huanzia kwenye kibofu na kwenye ngozi.

Kibofu na ngozi

Jeraha likiwa katikati ya mgongo, mbwa hupoteza amri ya kukojoa, na msuli unaofunga mlango wa kibofu hubana. Mkojo hujaa hadi kibofu kishindwe, kisha hufurika na kudondoka wenyewe. Hapa ndipo kosa kubwa la nyumbani linapotokea: mwangalizi anaona tandiko limelowa, anaripoti kwamba mbwa anakojoa vizuri, na kila mtu anaridhika. Kumbe kibofu kimejaa mpaka pomoni. Kikiendelea kutanuliwa hivyo kwa siku kadhaa, msuli wake huchoka na unaweza kukosa nguvu hata baada ya neva kurudi. Mkojo uliotuama nao huzaa maambukizi, na mbwa asiyehisi upande wa nyuma haonyeshi dalili za kuumwa. Mwangalizi ndiye wa kugundua kwa pua na macho: harufu kali isiyo ya kawaida, mkojo wenye ukungu, au wenye damu.

Kazi yenyewe inafundishika. Mbwa asimamishwe akiwa ameshikiliwa, au alale ubavu. Viganja viwekwe pande mbili za tumbo, karibu na mapaja ya nyuma, vidole vikiwa vimenyooka. Kibofu kilichojaa hupapasika kama puto lenye maji. Kikishapatikana, mikono isukume taratibu ikielekea mkiani, bila kuachia na bila kubana kwa ghafla. Kwanza hakuna kitu, msuli unapinga. Mwangalizi asubiri akiwa ameshikilia msukumo uleule. Matone hutangulia, kisha mchirizi, na mikono haiachii hadi mchirizi ukome. Hufanyika mara tatu au nne kwa siku, usiku wa manane ukiachwa tu kama daktari ameridhia. Zipo dawa za kulegeza mlango wa kibofu, nazo hurahisisha kazi, lakini hazichukui nafasi ya mikono. Hata mbwa akianza kukojoa mwenyewe, tumbo lipapaswe baada ya yeye kumaliza, maana kukojoa kidogo si sawa na kumaliza mkojo.

Ngozi nayo ina adui wawili, shinikizo na unyevu. Mbwa asiyejigeuza hupata vidonda vya kulalia kwenye nyonga na viwiko, kwa hiyo ageuzwe kila baada ya saa nne hadi sita na alale juu ya godoro lenye kitambaa kikavu. Katika joto letu kuna la zaidi. Manyoya yenye mkojo na kinyesi huita nzi, na mabuu yanaweza kuonekana kwenye kidonda ndani ya siku moja au mbili. Yupo pia yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye udongo wenye mkojo, ambaye mabuu yake huchimba ngozi. Tandiko la mbwa huyu lifuliwe kila siku na lipigwe pasi kama zinavyopigwa nguo za mtoto mchanga. Manyoya ya nyuma yanyolewe, na ngozi ioshwe kwa maji na kukaushwa kabla ya kupakwa chochote.

Kupumzika na kufanya mazoezi

Maelekezo ya daktari mara nyingi huonekana kupingana: mbwa afungiwe kwenye kizimba kwa wiki nne hadi sita, na papo hapo afanyishwe mazoezi. Mgongano huo unaisha tukijua kila agizo linalinda nini. Ukuta wa nje wa diski iliyopasuka una tundu linalohitaji wiki kadhaa kuziba, na mruko mmoja au ngazi tatu zinaweza kusukuma mabaki mengine nje. Kinachokatazwa ni kuruka, kukimbia, kupanda ngazi na kujipinda kwa ghafla. Mwendo unaotawaliwa na mwangalizi hauna hatari hiyo: kukunja na kukunjua viungo vya miguu ya nyuma taratibu, mara chache kwa siku, na kumtembeza hatua chache nje huku taulo au khanga iliyopitishwa chini ya tumbo ikibeba uzito wake. Viungo hivyo visipochezeshwa hukakamaa, na misuli hunywea upesi.

Swali linalofuata ni kama mazoezi makubwa zaidi, ya kwenye vituo vyenye mashine za kutembea ndani ya maji na vichocheo vya umeme, yangeleta matokeo bora. Mwaka 2018 kilichapishwa katika jarida la Journal of Veterinary Internal Medicine utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, uliowagawa kwa bahati nasibu mbwa 30 waliokwisha pasuliwa na ambao walikuwa hawawezi kutembea lakini bado wanahisi. Kundi moja lilipata mazoezi ya msingi, jingine programu nzito ya siku 14. Programu nzito haikumdhuru mbwa yeyote kwa namna ya kutia shaka juu ya usalama wake, lakini haikuwafanya wapone haraka zaidi wala kufikia kiwango cha juu zaidi. Idadi hiyo ni ndogo, na matokeo hayo hayawahusu mbwa waliopoteza hisia, ambao huenda wakahitaji mengi zaidi. Hata hivyo yanatosha kutuondolea kisingizio kwamba bila mashine hakuna la kufanya. Kwa mbwa anayehisi, mazoezi ya msingi ya kila siku, ya aina inayoweza kufanyika nyumbani, yalitosha kufikia palepale.

Hoja za upinzani

Hoja ya kwanza ni ya huruma: kwamba kumweka mnyama katika hali hii ni kumtesa, na kumlaza usingizi wa mwisho ni wema. Kwa mbwa anayehisi, hesabu haiungi mkono hoja hiyo. Baada ya mgandamizo kuondolewa, maumivu hudhibitiwa kwa dawa, na wengi husimama ndani ya wiki chache. Kwa mbwa asiyehisi, hoja ina uzito na isikilizwe. Takriban mmoja kati ya kumi wa kundi hili huangukia kwenye hali ambapo neva kuu huoza na uharibifu kupanda kuelekea kifuani, hadi kupumua kunashindikana. Hakuna tiba, na hapo kumpumzisha ndiyo huruma. Familia inapaswa kuyasikia haya kabla ya upasuaji, pamoja na dalili za kuangalia siku za mwanzo: miguu ya nyuma na mkia kulegea kabisa, maumivu kuzidi, miguu ya mbele kuanza kudhoofika.

Hoja ya pili ni ya fedha: kwamba upasuaji huu ni wa wachache, na kuuzungumzia ni anasa. Ni kweli kwamba wenye mbwa wengi hawataumudu. Lakini mbwa mwenye maumivu ya mgongo anayeweza bado kutembea mara nyingi hutibiwa bila kupasuliwa, kwa dawa za maumivu na kizimba cha wiki nne au zaidi, na akidhoofika uuguzi ni huohuo. Elimu ya uuguzi ndiyo sehemu ya tiba hii isiyohitaji fedha nyingi, kwa hiyo anayeihitaji zaidi ni asiye na uwezo wa kulipia upasuaji.

Hoja ya tatu hutajwa kwa sauti ya chini, nayo ndiyo yenye kugusa nyumba zetu zaidi. Katika nyumba nyingi za mijini, anayelipa bili siye anayemlisha mbwa. Kazi itamwangukia dada wa kazi, mlinzi au mtunza bustani. Huenda hakuulizwa, huenda anamwogopa mbwa, na huenda ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani, ambayo huhesabu unyevu wa mbwa kuwa najisi nzito ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kumlazimisha ni kumdhulumu, na uuguzi wa kulazimishwa haufanyiki vizuri. Jibu ni kumuuliza mapema, kumpa hiari ya kukataa, kumpatia glavu na nguo maalumu, kumwongezea malipo kwa kazi ambayo haikuwa kwenye makubaliano, na kuhakikisha cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa hakijapitwa na wakati. Hili la mwisho si urasimu. Katika nchi zetu kichaa cha mbwa nacho huweza kujitokeza kwa kupooza, na hakuna anayepaswa kumshika mbwa aliyepooza bila historia ya chanjo kujulikana.

Mapendekezo

Kutokana na haya napendekeza utaratibu ambao kliniki yoyote inaweza kuuanza bila kununua kifaa. Fomu ya kukubali upasuaji iwe na nafasi ya jina la mtu atakayemkamua mbwa mkojo na jina la msaidizi wake, na mtu huyo aitwe kliniki, awe ni mwenye mbwa au mfanyakazi wake. Makadirio ya gharama yataje wiki sita za uuguzi: dawa, glavu, matandiko, vipimo vya mkojo, na malipo ya mwangalizi. Maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, yakiwa na saa za kukamua, saa za kugeuza, na dalili za kupiga simu mara moja. Kliniki ipige simu siku ya tatu na imwone mbwa baada ya wiki mbili nyuzi za mshono zinapotolewa, tumbo likipapaswa kabla ya miguu kutazamwa. Na kama litakubaliwa pendekezo moja tu kati ya hayo, naomba liwe hili: mbwa asiruhusiwe kuondoka kliniki mpaka mwangalizi wake amekamua kibofu kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya daktari, hadi tone la mwisho. Akishindwa, mbwa abaki mpaka aweze, au kliniki iseme wazi kwamba tiba bado haijakamilika.