Nani Anamwomba Nani Kura?



Tukizungumzia uchaguzi wa wabunge, mara nyingi tunawazungumzia wagombea. Leo naomba tuitazame kanuni ya kupiga kura, maana ndiyo inayoamua nani lazima aende kwa nani kuomba. Mfano wangu ni kura tatu ya Tanganyika.

Uchaguzi ule wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Ili uandikishwe ulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Wakulima walio wengi wakabaki nje. Aliyeandikishwa naye alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Akiruka hata mmoja, kura yake imeharibika.

Januari 1958 TANU, chama kilichodai uhuru, kilikutana Tabora, na wengi walitaka kususia. Hasira yao ilikuwa ya haki: kuzipa jamii mbili ndogo viti viwili kati ya vitatu ilikuwa dhuluma tupu. Kiongozi wao, Julius Nyerere, aliwashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda African National Congress. Kususia kungeiachia viti United Tanganyika Party (UTP), chama kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za gavana wa kikoloni, Twining. Lakini kanuni ile ilikuwa na jambo zito zaidi. Kwa kuwa kila mpiga kura alichagua kwa viti vyote vitatu, mgombea Mzungu hakuweza kutegemea kura za Wazungu wenzake peke yao. Ilimbidi aende kwa Waafrika. TANU, ambayo wakati huo haikupokea wanachama wasio Waafrika, ikawaunga mkono wagombea wasio Waafrika, Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa, nao wakashinda. UTP ikasambaratika.

Nauliza swali hilohilo, nani anamwomba nani, kuhusu viti maalumu vya wanawake katika Bunge la Tanzania la leo. Katiba inataka wabunge wa viti hivyo wasipungue asilimia 30 ya wabunge wa makundi mengine, na viti hugawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge. Navitetea viti hivyo bila kusita, kwa sababu majimboni wanawake bado wanafungiwa milango mingi. Ila majina yanatoka chamani. Mbunge wa viti maalumu anayetaka kurudi bungeni Dodoma hamwombi mwananchi wa Newala wala wa Kibondo. Anaviomba vikao vya chama chake. Napendekeza orodha hizo zichapishwe kwenye karatasi ya kura, mpiga kura aweke alama kwa mwanamke anayemtaka, na wingi wa alama hizo, si kikao, upange nani atangulie.