Fedha za Chama na Ugomvi Ndani ya Chama

Nawasalimu ninyi mlioketi darasani Chanika, mjini Handeni, na wenzenu wa Korogwe na mahali pengine. Mwenye daftari na alifungue, na anayesoma vizuri akae karibu na wale wanaoanza.

Leo tutazungumza juu ya fedha za chama. Tuanze na mfano mdogo. Tuseme watu 40 wa Chanika wameunda chama ili wanunue mashine ya kusaga mahindi. Kila mmoja ametoa shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 200,000. Siku moja anakuja tajiri, anampa katibu shilingi 1,000,000 mkononi, bila stakabadhi. Je, chama sasa ni cha nani? Cha wale 40, cha katibu, au cha tajiri? Liwekeni swali hilo moyoni, twende Kenya tukaone mfano mkubwa.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na chama kilichotawala kilikuwa KANU cha Jomo Kenyatta. Ndani yake mlikuwa na pande mbili. Upande mmoja uliitwa wa kushoto, na wakubwa wake walikuwa Oginga Odinga na Bildad Kaggia. Hawa walitaka mashamba ya walowezi wapewe watu wasio na ardhi bila ya kulipishwa, na walitaka urafiki na Urusi na Uchina. Upande wa pili uliongozwa na Tom Mboya, Katibu Mkuu wa chama. Hao walisema mashamba yanunuliwe kwa utaratibu, na mitaji ya wageni ikaribishwe.

Huo ulikuwa ubishi wa haki. Mtu asiye na shamba alistahili kusikia hoja za pande zote mbili, kisha aamue mwenyewe. Lakini fedha ziliingia katikati.

Mwezi wa Desemba 1964 kilifunguliwa karibu na Nairobi chuo cha kuwafundisha watumishi wa KANU. Kiliitwa Lumumba Institute, kwa jina la Patrice Lumumba wa Kongo aliyeuawa mwaka 1961. Fedha zake zilitoka nchi za Kikomunisti, na baadhi ya walimu walitoka Urusi. Upande wa Mboya ukapiga kelele kwamba wenzao wamenunuliwa na Mashariki. Lakini nao hawakuwa mikono mitupu. Katika miaka ya 1950 vyama vya wafanyakazi vya Marekani vilitoa dola 35,000 za kujengea nyumba ya Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Kenya, lililoongozwa na Mboya. Basi upande wa Odinga ukajibu kwamba ninyi nanyi mmenunuliwa na Magharibi.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika makelele hayo, mtu asiye na shamba alikuwa wapi? Wazee walisema, wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Aliyetaka kusema habari za ardhi alijibiwa habari za Moscow na Peking. Si fedha zilizozua ubishi; ubishi ulikuwapo. Lakini fedha zisizojulikana kwa wanachama ziliufunika ubishi ule wa kweli, na kila upande ukapata fimbo ya kumpigia mwenzake.

Mambo yakaharibika upesi. Julai 1965 wanafunzi wa chuo kile waliingia kwa nguvu katika makao makuu ya KANU, wakatangaza viongozi wapya. Walikamatwa, na chuo kikafungwa. Machi 1966, katika mkutano wa Limuru, KANU ilifuta cheo cha makamu alichokuwa nacho Odinga, ikaweka makamu 8 wa mikoa. Aprili Odinga alijiuzulu Umakamu wa Rais wa nchi, akaongoza chama kipya cha KPU. Katika uchaguzi wa Juni mwaka huo viti 29 viligombewa, KPU ikapata 9. Oktoba 1969 KPU ilipigwa marufuku, na Odinga akawekwa kizuizini.

Labda mmoja wenu atasema hayo ni mambo ya Warusi na Wamarekani. Sivyo. Mwaka 1993 Odinga, akiwa mzee na kiongozi wa chama cha FORD-Kenya, alikiri hadharani kwamba amepokea shilingi milioni 2 za Kenya kutoka kwa Kamlesh Pattni, mwenye kampuni ya Goldenberg, iliyokuwa ikishutumiwa juu ya fedha za umma. Chama kikagawanyika, na makamu mwenyekiti, Paul Muite, akajiuzulu. Safari hii mtoaji alitoka nyumbani, lakini ugonjwa ulikuwa ule ule.

Kwetu Tanzania, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba anayetegemea fedha za wengine huhatarisha uhuru wake. Na Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ilikitaka kila chama kimweleze Msajili fedha zinazotoka nje ya nchi.

Basi, turudi kwenye mashine yetu ya kusaga. Yashikeni mambo matatu. Kwanza, mchango upokewe na chama, usipokewe na mtu: mweka hazina aandike stakabadhi mbele ya mashahidi. Pili, jina la mtoaji, kiasi alichotoa na sharti alilotoa yasomwe mkutanoni, na wanachama wawe na haki ya kukataa. Tatu, kazi ya kila siku iendeshwe kwa ada zenu, ili mtoaji akiondoka chama kisife.

Mkifanya hivyo bado mtabishana, wala si vibaya. Lakini mtabishana juu ya mashine, bei na zamu, siyo juu ya nani amemnunua nani.

Maswali ya kujadiliana: Katika chama chenu, nani anaweza kuliona daftari la fedha? Lilisomwa lini mara ya mwisho mbele ya wanachama wote? Tajiri yule akirudi kesho, mtamjibu nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.