Mali Bila Daftari: Hesabu za Nusu Eka ya Nyanya

  

Leo sitasema habari za kupanda wala za kupalilia. Leo tutafanya hesabu. Kila aliye karibu na redio achukue kalamu na daftari. Kama macho yamechoka, mwite mtoto wa shule akuandikie. Kama mnasikiliza kwa kikundi, mmoja wenu awe karani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ya mkulima hupotea zaidi pale anapokata shauri haraka: dalali amesimama shambani, lori linanguruma barabarani, na nyanya zimeshaiva.

Nimechagua nyanya kwa sababu zao hili halina subira. Mahindi yanaweza kukaa ghalani, lakini nyanya ikiiva hukupa siku chache tu. Wenzetu wa Ilula, mkoani Iringa, wanaopanga matenga yao kando ya barabara kuu, wanajua ninachosema.

Bei nitakazotaja ni za mfano. Wewe weka za kwako, njia ya hesabu ni ile ile.

HESABU YA KWANZA: GHARAMA ZIKO ZA AINA MBILI

Tuchukue mkulima mwenye nusu eka. Kabla hajachuma hata nyanya moja, ametumia hivi:

Kukodi shamba, shilingi 60,000.
Kulima na kutengeneza matuta, 50,000.
Mbegu na kitalu, 45,000.
Mbolea mifuko miwili, 140,000.
Dawa za wadudu na ukungu, 120,000.
Vibarua wa kupandikiza, kupalilia na kufunga miche kwenye miti, 110,000.
Mashine ya kumwagilia na mafuta yake, 75,000.

Jumlisha. Utapata shilingi 600,000. Kwenye dawa usijidanganye kwa kuandika kidogo. Tangu kantangaze aingie nchini mwaka 2014, mkulima wa nyanya hana budi kumtengea fedha huyo mdudu.

Sasa andika upande wa pili gharama zinazokuja wakati wa kuvuna, kwa kila tenga moja: kuchuma na kuchagua 1,000, tenga lenyewe 2,500, kubeba hadi barabarani 500, nauli ya lori 3,000, ushuru wa soko 500. Jumla ni shilingi 7,500 kwa tenga.

Umeona tofauti? Zile 600,000 zimeshatoka, uvune matenga kumi au mia. Lakini zile 7,500 hazijatoka bado. Zinatoka tenga kwa tenga, na usipochuma hazitoki.

Mkulima wetu anategemea matenga 100. Basi gharama za kuvuna ni 750,000. Ongeza 600,000, jumla yote inakuwa 1,350,000. Gawanya kwa matenga 100, kila tenga limemgharimu shilingi 13,500. Izungushie duara tarakimu hiyo. Akiuza kwa 20,000 anapata faida ya 6,500 kwa tenga, yaani 650,000 kwa shamba zima. Hapo mambo ni mazuri.

HESABU YA PILI: BEI IMEANGUKA, NICHUME AU NIACHE?

Haya, sasa habari inakuja kwamba sokoni tenga ni shilingi 10,000. Mkulima anatazama lile duara lake, 13,500, anasema: "Hii ni hasara tupu, siendi, acha zioze." Je, ni kweli?

Piga hesabu polepole. Akiacha zioze, amepoteza zile 600,000 zote. Akichuma na kupeleka sokoni, kila tenga linaleta 10,000 na kula 7,500. Inabaki 2,500. Kwa matenga 100 inabaki 250,000. Toa katika 600,000, hasara yake ni 350,000. Hasara ipo, hatukatai. Lakini hasara ya 350,000 si sawa na ya 600,000. Hiyo tofauti ya 250,000 ni ada ya mtoto, au ni mbegu ya msimu ujao.

Kwa hiyo kanuni ni hii. Nyanya zikiwa zimeshaiva, usiulize, "Je, bei inarudisha fedha zangu zote?" Fedha za nyuma ni maji yaliyomwagika, na maji yakimwagika hayazoleki. Uliza, "Je, bei inazidi gharama ambazo bado sijazitoa?" Kwa mkulima wetu mpaka wake ni 7,500. Bei ya sokoni ikiwa 7,000, kila tenga analopeleka linamwongezea hasara ya shilingi 500, na hapo ni afadhali lori lipite.

Lakini asiseme "niache" kabla hajatazama njia nyingine. Tuseme bei ya sokoni bado ni 10,000, na dalali anakuja shambani na matenga yake, anatoa 5,000 kwa tenga. Wengi watamfukuza: "Sokoni ni 10,000, wewe unanipa nusu?" Ngoja kwanza. Kwa dalali huyu mkulima anatoa gharama ya kuchuma tu, 1,000. Inabaki 4,000. Sokoni inabaki 2,500. Basi 5,000 ya shambani inaishinda 10,000 ya sokoni, na nyanya zikipondeka njiani ni juu ya dalali. Ili soko limshinde dalali huyu, bei ya huko lazima ipite 11,500, yaani ile 4,000 ukiongeza na 7,500.

Hata hivyo, pima tenga la dalali kabla hujafurahi. Chukua ndoo. Kama tenga lako linajaa kwa ndoo tatu, na la kwake linataka ndoo nne, basi 5,000 yake ni ya ndoo nne. Kwa kipimo chako cha ndoo tatu ni 3,750 tu. Toa 1,000 ya kuchuma, inabaki 2,750. Kumbe amelishinda soko kwa shilingi 250 tu! Na kama tenga hilo atalijaza mpaka lifanye mlima juu, hata hiyo 250 imekwenda. Bei bila kipimo si bei.

HESABU YA TATU: MFUKO MMOJA ZAIDI WA MBOLEA

Sasa turudi nyuma, wakati nyanya bado ni changa. Utaniuliza: "Bwana shamba, niweke mifuko mingapi ya mbolea?" Nikujibu nini? Inategemea udongo wako, na pia inategemea hesabu. Tuseme shamba la mfano linakwenda hivi:

Bila mbolea, matenga 60.
Mfuko mmoja, matenga 85.
Mifuko miwili, matenga 100.
Mifuko mitatu, matenga 107.
Mifuko minne, matenga 109.

Mfuko mmoja ni shilingi 70,000. Usitazame jumla ya matenga. Tazama kila mfuko umeongeza nini: wa kwanza umeongeza 25, wa pili 15, wa tatu 7, wa nne 2. Mbolea ni ile ile na bei ya mfuko ni ile ile, lakini inavyozidi kurundikwa mahali pamoja, nyongeza yake inapungua.

Bei ikiwa 20,000, kila tenga likishatoa gharama za kuvuna linabakiza 12,500. Mfuko wa kwanza unaleta 312,500. Wa pili unaleta 187,500. Wa tatu unaleta 87,500, bado umezidi 70,000. Wa nne unaleta 25,000 tu. Huo wa nne mwachie mwenye duka.

Bei ikiwa 15,000 je? Tenga linabakiza 7,500. Mfuko wa tatu sasa unaleta 52,500, na umeununua kwa 70,000. Hasara. Kwa bei hiyo unaishia miwili.

Kuna jambo moja hapa. Siku unayoweka mbolea, bei ya mavuno huijui. Mfuko wa tatu, bei ikiwa nzuri, unakupa faida ya 17,500. Bei ikiwa 15,000, unakupa hasara ya 17,500. Ni kamari ya nusu kwa nusu. Mimi ningemshauri mwenye fedha za mkopo aishie mifuko miwili.

HESABU YA NNE: KIJIJI KIZIMA KIKILIMA NYANYA

Tuseme kijiji kina wakulima kumi wa nyanya, kila mmoja matenga 100. Jumla 1,000. Bei ni 20,000, na kijiji kimeingiza shilingi milioni 20. Majirani watatu wanaona, nao wanaingia. Msimu unaofuata yapo matenga 1,300, na bei inaanguka hadi 12,000. Zidisha: milioni 15 na laki sita. Matenga yameongezeka, fedha zimepungua! Na kila mkulima, kwa gharama ile ya 13,500, ana hasara ya 1,500 kwa tenga, yaani 150,000.

Kwa nini bei inaanguka sana hivyo? Fikiri jikoni. Mama anayepika mchuzi anataka nyanya tatu. Ziwe ghali, atapunguza moja. Ziwe rahisi sana, je, atatia nyanya tisa katika mchuzi ule ule? Hatatia. Kwa hiyo ili watu wanunue zile matenga 300 za ziada, bei lazima ishuke sana. Na muuzaji hana nguvu ya kungoja, maana zinaoza.

Jambo hili si la nyanya tu, wala si la leo. Huko Uingereza, mwaka 1699, Charles Davenant alichapisha makadirio juu ya nafaka: mavuno yakipungua sehemu moja ya kumi, bei hupanda sehemu tatu za kumi. Chakula cha lazima ndivyo kilivyo. Upungufu mdogo hupandisha bei sana, na ziada ndogo huiangusha sana.

Lakini msije mkasema, "Basi mimi peke yangu nitapunguza nyanya ili bei ipande." Ukipunguza matenga 20 katika 1,300, soko halitajua. Na ukisimama kudai 14,000 wakati jirani yako anatoa nyanya zile zile kwa 12,000, mnunuzi atakupita. Mkulima mmoja hapangi bei ya soko. Anachoweza kupanga ni mambo manne: wakati wa kupanda, ubora wa kuchagua, gharama zake, na kama alime zao hilo au aache.

Hapo kwenye wakati ndipo penye siri. Msimu wa mvua nyingi ukungu hushambulia nyanya, wengi huziacha, na bei mara nyingi hupanda. Anayeweza kupanda nyakati tofauti na wenzake, akijua kwamba dawa zitamgharimu zaidi, apige hesabu yake upya. Na kikundi mkikutana kabla ya kitalu mkaulizana, "Nani anapanda nini, na lini?", mmeshapunguza hatari ya kuvuna wote wiki moja.

GHARAMA ISIYOTOKA MFUKONI

Ndugu wakulima, kuna mtu hatujamlipa. Ni wewe mwenyewe. Tuseme wewe na mwenzako mmetumia siku 60 katika shamba hilo. Kama siku hizo mngeweza kupata kibarua cha 5,000 kwa siku, mmeacha shilingi 300,000. Ile faida ya 650,000 ni 350,000 ukitoa ujira wenu. Kama kibarua hakipatikani kwenu, andikeni kazi nyingine mliyoiacha: bustani ya mboga, kuku, au biashara ndogo. Vile vile mwenye shamba lake asiseme shamba ni la bure. Angeweza kulikodisha.

ZOEZI LA NYUMBANI

Fanyeni wenyewe kwanza, majibu yako chini.

Moja: bei ya sokoni ni 9,000, na nauli ya lori imepanda kutoka 3,000 hadi 4,500. Dalali anatoa 2,500 shambani kwa tenga la kipimo kile kile, na matenga ni ya kwake. Utafanya nini?

Mbili: msimu ujao nauli inarudi 3,000, na unategemea bei ya 14,000. Ulime nyanya tena?

Majibu. La kwanza: gharama za kupeleka sokoni sasa ni 9,000, kwa hiyo sokoni hakibaki kitu. Kwa dalali inabaki 1,500. Mwuzie dalali. Matenga 100 yatakurudishia 150,000, na hasara itashuka kutoka 600,000 hadi 450,000. La pili: 14,000 ukitoa 13,500 inabaki 500, yaani 50,000 kwa shamba zima. Igawanye kwa siku zenu 60, haifiki hata shilingi 1,000 kwa siku. Kama mna kazi nyingine yenye ujira ulio bora, msilime nyanya msimu huo.

Angalieni jinsi majibu yanavyotofautiana. Nyanya zikishaiva, tunachukua hata kidogo, kwa sababu fedha nyingi zimeshatoka. Kabla ya kupanda, fedha zote bado ziko mfukoni, na hapo mkulima ana haki ya kuwa mkali. Hesabu ya kabla ya kupanda ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo tunayoifanya mara chache zaidi.

Basi, tunzeni madaftari yenu, andikeni kila senti siku ile ile inapotoka. Nawatakia msimu mwema na mavuno yenye bei. Kwaherini.