NAFASI KATI YA NGUZO

Masomo yetu ya leo ni mawili, na yote yatoka katika torati ya Musa. La kwanza ni Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8. La pili ni Mambo ya Walawi 19, mstari wa 14. Ukiwa na Biblia karibu, tia alama mahali hapo, nasi tutayarudia.

Katika mji wa Melbourne, nchi ya Australia, iko stesheni kubwa ya reli iitwayo Flinders Street. Jengo lake lilimalizika mwaka 1910. Juu ya mlango mkuu zimepangwa saa nyingi za ukutani, zikionyesha wakati wa garimoshi lijalo la kila njia. Wenyeji wakitaka kukutana mjini, huambiana wakutane chini ya zile saa. Mchana kutwa watu hupanda na kushuka ngazi zile.

Tarehe 20 Januari 2017, katika mji huo huo, mtu mmoja aliendesha motokaa kwa makusudi juu ya njia ya waendao kwa miguu katika barabara ya Bourke. Watu sita walikufa. Ilipofika mwezi wa Juni, wakuu wa mji waliweka mawe makubwa ya saruji mahali kadhaa penye watu wengi. Wenyeji wengine waliyavika vitambaa vya rangi na kuyachora picha, ili yasiwatie watu huzuni. Lakini tarehe 21 Desemba mwaka huo huo, motokaa nyingine iliwaparamia watu waliokuwa wakivuka barabara karibu na stesheni ile ya Flinders Street. Wengi waliumia, na mzee mmoja wa miaka 83 alifariki baadaye. Hatimaye zikasimamishwa nguzo fupi za chuma, zenye msingi imara chini ya ardhi.

Sisi watu wa Kenya hatuhitaji kuambiwa maana ya mambo hayo. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, lori lenye baruti lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue, mwendo mfupi tu kutoka stesheni ya reli ya Nairobi. Mlinzi, asiye na silaha, alikataa kuinua kizuizi. Lori halikuingia, lakini lilikuwa limekwisha kufika karibu mno. Watu 213 walikufa katika jiji letu, na walio wengi walikuwa ndugu zetu Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njiani. Ndiyo maana nguzo hizi huwekwa mbali kidogo na mlango: gari likisimamishwa mbali, watu hupona.

Basi, usimcheke awekaye nguzo. Neno la Mungu lenyewe lamwamuru mtu ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta mdogo juu ya dari yake, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Kulinda uhai wa jirani ni utii.

Lakini torati ile ile yasema neno la pili. Yatukataza tusiweke kitu cha kumkwaza kipofu njiani mwake, bali tumche Mungu. Angalia, ndugu yangu: Mungu aliyeagiza kizuizi ndiye aliyekataza kikwazo. Hakutupa ruhusa ya kuchagua agizo moja na kuliacha la pili.

Mafundi wa nguzo hizo wanalijua jambo hili. Zikiachana sana, motokaa hupenya. Zikibanana sana, mwenye kiti cha magurudumu hukwama, na mama mwenye kigari cha mtoto pia. Kwa hiyo hushauriwa kwamba nafasi kati ya nguzo na nguzo isizidi mita 1 na sentimita 20. Motokaa haipiti hapo, lakini kiti cha magurudumu chapita. Tena nguzo hupakwa rangi ya kuonekana wazi, ili mwenye macho dhaifu asijigonge. Kazi yote ya fundi imo katika nafasi ile. Akikosea kipimo, amejenga ukuta.

Sasa niwaambie kosa letu wenyewe. Makanisa ya Garissa yaliposhambuliwa tarehe 1 Julai 2012, na watu wengi wakauawa, sisi wazee wa kanisa moja tulikutana tukafanya shauri. Tulijaza mapipa mawe na saruji, tukayapanga langoni. Tukaacha kijia kimoja kando, mtu apite. Sisi sote tulipita, tukamshukuru Mungu kwa usalama.

Katika ushirika wetu alikuwako mama mmoja aliyepooza miguu. Mjukuu wake, mvulana wa miaka kama kumi, ndiye aliyekuwa akimsukuma katika kiti chake. Jumapili ya kwanza walifika, kiti hakikupita. Mama akakaa nje chini ya mti, akazisikia nyimbo zetu kwa mbali mpaka ibada ikaisha. Jumapili ya pili ikawa vivyo hivyo. Jumapili ya tatu hakuja. Wala hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.

Aliyetufumbua macho ni yule mvulana. Alimwuliza mwalimu wake wa shule ya Jumapili kama nyanya yake amefanya dhambi gani. Jioni ile nilikwenda kwa mama yule kuomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akaagiza chai. Kisha akaniambia kwa upole, "Mchungaji, mimi nilidhani mmekwisha kuamua hivyo."

Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi. Kesho yake tulichukua futi tukapima. Kiti cha mama kilikuwa na upana wa sentimita 65, na kijia chetu sentimita 50. Tulisogeza pipa moja, shibiri mbili tu. Motokaa bado haikuweza kupita. Usalama wa kanisa haukupungua hata kidogo. Kwa shibiri mbili tulikuwa tumemfungia mtoto wa Mungu nje ya nyumba ya Baba yake.

Wapenzi, mkumbuke yule mwenye kupooza katika Marko mlango wa 2. Wale waliojaa mlangoni hawakuwa adui zake. Walikuja kulisikia Neno, kama mimi na wewe. Lakini migongo yao ilikuwa ukuta, hata rafiki zake wakalazimika kutoboa dari. Je, mgongo wako umemzibia nani? Jumapili ijayo, kabla hujaingia kanisani, simama kidogo langoni. Tazama njia kama kipofu angeipapasa, kama mzee wa mkongojo angeikanyaga. Tena uulize ni nani asiyeonekana siku hizi, umwendee nyumbani kwake. Usingoje mtoto aje kukuuliza.

Na tuombe. Ee Bwana, Wewe ndiwe mlinzi wetu, na Wewe ndiwe mlango. Uwalinde wote wanaopita leo katika stesheni na barabara za miji yetu. Utusamehe tuliowaacha nje bila kujua. Utupe macho ya kuwaona na mikono ya kuwasogezea njia. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.