Pointi za Kidato cha Sita na Nafasi ya Kusomea Udaktari: Mada kwa Walimu wa Taaluma na Wazazi, Kigoma



1. Utangulizi

Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kuanzia Ujiji hadi Ilagala mzazi huuliza: "Mwalimu, kwa matokeo haya udaktari ataupata?" Nasi hutazama daraja, tukajibu. Hoja yangu ni kwamba daraja halijibu swali hilo, na mara nyingine hupotosha.

2. Vipimo viwili

Baraza la Mitihani (NECTA) huhesabu A kuwa pointi 1, B 2, C 3, D 4 na E 5. Mwenye pointi chache ndiye bora. Kwa masomo matatu ya tahasusi, jumla ya 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) huhesabu kinyume: A ni 5, E ni 1, na mwenye nyingi ndiye bora. Kama mwanafunzi hana S wala F, alama zilizo chini ya E, toa pointi zake za NECTA katika 18, utapata za TCU. Mwenye 10 huku ana 8 kule.

3. Sifa ya kuomba

Kwa Shahada ya Udaktari wa Tiba, miongozo ya TCU ya miaka ya karibuni inataka pointi zisizopungua 6 katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, na angalau D katika kila somo. Tuchukue mfano. Asha ana A ya Baiolojia, A ya Kemia na E ya Fizikia: daraja la kwanza, pointi 7 za NECTA. Shule itamshangilia, lakini kwa E hiyo sifa hana. Juma ana D tatu: daraja la pili, pointi 12 za NECTA. Huyu sifa anayo.

4. Sifa si nafasi

Hata hivyo, Juma asikimbilie kushona koti jeupe. Sifa inamruhusu kuomba tu. Muhimbili, Bugando, KCMC au Dodoma, waombaji ni wengi kuliko viti, na wenye pointi za juu hutangulia. Kwa hiyo kipimo cha kweli ni pointi za aliyechaguliwa mwisho mwaka uliopita, nazo hupanda na kushuka kufuatana na matokeo ya nchi nzima. Kampasi ya Chuo cha Muhimbili (MUHAS) inayojengwa hapa Kigoma itafupisha safari. Ushindani utabaki palepale.

5. Njia ya utabibu

Stashahada ya utabibu, ikiwa na wastani mzuri pamoja na ufaulu wa sayansi, Hisabati na Kiingereza wa kidato cha nne, nayo hufikisha kwenye udaktari. Tusiiite njia ya walioshindwa: matabibu ndio wanaotibu watu katika zahanati nyingi za mwambao wetu.

6. Mapendekezo

(a) Kila shule ibadili matokeo kuwa pointi za TCU, somo kwa somo, kabla ya kumshauri mwanafunzi.

(b) Tangu 2017 maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja. Mwanafunzi aombe vyuo kadhaa, akiwa na programu nyingine ya afya pembeni. Wanaotoka vijiji vyenye mtandao hafifu wasaidiwe shuleni.

(c) Mwanafunzi wa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia (PCB) anayeyumba katika Fizikia apewe msaada tangu kidato cha tano. Ikifika Julai, mwalimu hana la kumsaidia ila kumsomea matokeo.